Jembe la Siku ya Tatu

Mwaka 2015, Watanzania walipokwenda kupiga kura, katika orodha ya majimbo ya uchaguzi lilikuwamo jimbo la Ulyankulu, mkoani Tabora. Miaka 43 nyuma Ulyankulu lilikuwa pori la miombo lenye mbung'o wengi na watu wachache, mahali ambapo malori yalishusha familia zilizovuka mpaka kutoka Burundi zikiyakimbia mauaji. Kutoka lori lile hadi sanduku lile la kura ni safari ndefu, na kila inaposimuliwa hufupishwa kwa neno moja: ukarimu. Watanzania, husemwa, wana moyo wa kupokea wageni. Na pale wageni walipofukuzwa, maana walifukuzwa pia, na askari wakiwa nyuma yao, hutafutwa neno la pili: uchovu. Maelezo haya mawili ni ndugu wa baba mmoja, kwa kuwa yote yanaanzia moyoni mwa mwenyeji, kana kwamba wananchi waliamka siku moja wakiwa wema na siku nyingine wakiwa wakali. Nikiifuatilia historia ya wakimbizi katika magharibi ya Tanzania naona jambo tofauti. Moyo wa mwenyeji ulifuata utaratibu uliowekwa. Pale mgeni alipopewa ardhi, kazi na njia ya kufika sokoni, alikuja kuitwa jirani. Pale alipofungiwa mahali pamoja akalishwa kwa mgawo, aliitwa mwizi, hata kama lugha yake na ya mwenyeji wake zilikuwa karibu moja.

Methali inayojulikana na kila mtoto husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi hutumiwa kumkumbusha mgeni aliyekaa mno kwamba muda wake wa kuandaliwa umekwisha. Lakini methali hiyo haisemi kwamba siku ya tatu mgeni afunguliwe mlango aondoke. Inasema apewe jembe, na katika jamii ya wakulima jembe bila kipande cha ardhi halina maana. Anayelima ana mavuno, na mwenye mavuno ana cha kuuza, cha kuchangia msibani, na cha kutoa mwanawe anapooa. Waliotunga methali ile walijua kwamba ugeni hauishi kwa kupita kwa siku. Unaisha kwa kazi inayomwingiza mtu katika deni na fadhila za kila siku na jirani zake. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hapa: kila kundi la wageni lilipofika, jembe lilikuwa wapi?

Mpaka wenyewe ni kitu cha juzi. Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, Rwanda, Urundi na Tanganyika bara zilikuwa pamoja ndani ya koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Baada ya vita Ubelgiji ilichukua Ruanda-Urundi na Uingereza ikachukua Tanganyika, na mstari uliochorwa ukaiacha Bugufi, nchi iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, upande wa Tanganyika, ambako mpaka leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Kiha cha Kigoma na Kihangaza cha Ngara vinasikilizana na Kirundi. Zama za Waingereza, Warundi na Wanyarwanda walivuka kwa maelfu kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakalala kambi moja na Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na wengine waliotoka mbali. Huko mkongeni, kama ilivyokuwa katika misafara ya pembe za ndovu karne moja kabla, watu wasiojuana walishikamana kwa utani, ambao ni haki ya kutaniana na wajibu wa kuzikana. Mtani ndiye aliyemshughulikia mtu aliyekufa ugenini wakati ndugu zake hawana hata habari. Desturi hiyo haikuzaliwa na mapenzi ya ghafla kati ya makabila. Ilizaliwa na watu waliobeba mzigo mmoja njia moja, wakaona kwamba bila makubaliano ya namna hiyo hawatafika.

Mwishoni mwa Aprili 1972 yalizuka maasi kusini mwa Burundi, na serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyowalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, viongozi wa dini. Warundi huiita miezi ile Ikiza. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000, na makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Tanzania iliwaondoa mpakani na kuwapeleka ndani ya nchi. Ulyankulu ilianzishwa mwaka huohuo wa 1972, Katumba karibu na mji wa Mpanda ikafuata mwaka 1973, na Mishamo ikafunguliwa mwaka 1978 ili kupunguza msongamano wa Ulyankulu, ambako ardhi na maji havikutosha idadi ya watu waliokuwa wamewekwa pale. Mishamo peke yake ilikuwa na zaidi ya kilometa za mraba 2,000 na iligawanywa katika vijiji 16. Kazi iliendeshwa na pande tatu: serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, yaani UNHCR, na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililokuwa likifanya kazi nchini tangu mwaka 1964. Kila familia ilipewa shamba, zana na mbegu, na mgawo wa chakula ulipangwa uishe mara mavuno yakishapatikana. Haukupita muda mrefu watu waliofika mikono mitupu wakawa wanauza mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali ya Tanzania kama maeneo yanayojitegemea, na wakazi wake walikuwa wakilipa kodi kama wakulima wengine.

Haiwezekani kuuelewa mpango huo bila kukumbuka Tanzania yenyewe ilikuwa ikifanya nini miaka ileile. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limewataja watu na ardhi miongoni mwa mahitaji manne ya maendeleo, na kati ya mwaka 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania, wengi kwa nguvu, kutoka mashamba yao ya asili hadi vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Kwa hiyo mkulima wa Kinyamwezi au wa Kikonongo aliyetazama kijiji cha wakimbizi aliona kitu anachokifahamu: nyumba zilizopangwa kando ya barabara, zahanati ambayo bado haina dawa, ghala la mazao, afisa anayetoa amri. Mgeni hakuwa akiishi maisha ya ajabu yanayofadhiliwa na wageni wengine. Alikuwa akifyeka pori kama wenzake, na pori lenyewe lilikuwa la mbung'o ambalo serikali ilitaka lifunguliwe. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa wamekimbia machafuko ya kwao kuanzia mwaka 1959, na mwaka 1983 akatunukiwa nishani ya Nansen ya UNHCR. Wananchi hawakupinga. Hatuna budi kuuliza kwa nini, na jibu la kwamba walikuwa na moyo mwema ni jibu fupi mno kwa watu ambao wao wenyewe walikuwa wametoka kung'olewa makwao.

Zipo pingamizi za kweli juu ya ninayoyasema. Ya kwanza ni kwamba miaka ya sabini ilikuwa ya amani mpakani, na kwamba wakimbizi wa miaka ya tisini walikuja na bunduki. Nusu ya kwanza ya pingamizi hiyo si sahihi. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilishambulia vijiji upande wa Tanzania na wananchi wakafa, na wafanyakazi wa bandari ya Kigoma wakagoma kuhudumia mizigo ya Burundi. Hasira yao waliielekeza Bujumbura, ilikotoka amri, wala hawakuwaandama waliokuwa wakikimbia amri hizohizo. Hatari ilikuwapo tangu mwanzo, na mpango wa makazi ulikuwa sehemu ya jibu, kwa kuwa Ulyankulu na Mpanda ni mbali na mpaka kwa mamia ya kilometa. Serikali iliipunguza hatari kwa kumsogeza mgeni ndani zaidi na kumpa shughuli. Miaka ishirini baadaye ilichagua kumweka mpakani na kumzuia asifanye lolote.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Makazi yale hayakuwa uhuru. Mkimbizi aliyetaka kutoka Mishamo kwenda mji wa Mpanda alihitaji kibali kutoka ofisi ya mkuu wa makazi, na kijana aliyepata nafasi ya masomo mjini aliweza kukwama kwa kukosa karatasi hiyo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma mwaka 1985 na 1986, na kitabu chake, *Purity and Exile*, kilichotoka mwaka 1995, kinaonyesha tofauti kubwa kati ya sehemu hizo mbili. Mishamo, waliotengwa na wengine walijiona kuwa taifa lililo uhamishoni. Walisimuliana Ikiza kila siku, na kurudi Burundi ndiyo ilikuwa maana ya maisha yao. Kigoma mjini, watu wa kundi lilelile la mwaka 1972 walikuwa wavuvi, mafundi na wachuuzi, wameoa na kuolewa na wenyeji, na wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi hata kidogo. Hakuna aliyewaelimisha watu wa Kigoma kuhusu utangamano. Mji wenyewe ulifanya kazi hiyo, mji ambao Ujiji yake ilikuwa imekwisha kuwapokea Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa na Waswahili wa pwani tangu karne ya 19. Kwa hiyo jembe peke yake halitoshi. Lazima iwepo na njia, kwa maana ya barabara iliyo wazi na ruhusa ya kuitembea. Katumba na Mishamo zilikuwa na la kwanza kwa ukamilifu na la pili kwa nusu, na mambo mema na mabaya yaliyofuata yanalingana na kiasi hicho.

Sasa twende Ngara, mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda na jeshi la waasi wa RPF likisonga mbele, umati wa Wanyarwanda ulivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi; UNHCR ilikadiria watu 250,000, na hata anayepunguza kadirio hilo hubaki na idadi ambayo mpaka wowote duniani ungeshindwa kuihimili. Waliwekwa Benaco, mahali palipokwisha kuzoea jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Katika majuma machache wilaya ya Ngara ilikuwa na wakimbizi wengi kuliko wenyeji. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kuuawa na walioua. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa bagamesta, yaani meya, wa Murambi na baadaye akatiwa hatiani na mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha, alikuwapo kambini, na jaribio la kumwondoa mnamo Juni 1994 lilizusha ghasia. Sitaki kuipunguza hofu ya mwananchi wa Ngara. Alikuwa na haki ya kuogopa.

Hata hivyo, ukiyasikiliza malalamiko yenyewe, hofu ya wauaji si kubwa ndani yake kama ilivyo habari ya kuni. Watu laki kadhaa walipikia kuni kila siku, na vilima vilivyozunguka kambi vikabaki vipara. Visima vikakauka au vikachafuka. Migomba ilikatwa usiku, mihogo iling'olewa kabla ya kukomaa, mbuzi walipotea. Anayeishi kwa mgawo wa mahindi makavu, bila shamba na bila ruhusa ya kazi, ataiba ndizi. Hilo halitegemei kabila. Wakati huohuo kambi ilileta mambo ambayo wilaya ile haikuwahi kuyaona. Malori ya misaada yalitengenezewa barabara. Wenye mashamba makubwa waliajiri vibarua wa Kinyarwanda kwa ujira mdogo, wakati mwingine kwa chakula tu, wakapanua mashamba yao mara mbili na zaidi. Wafanyabiashara walibadilishana ndizi na pombe kwa mahindi na mafuta ya mgawo. Walimu na wauguzi waliacha shule na zahanati za vijijini wakaenda kulipwa vizuri na mashirika, na mama mjamzito wa kijijini akabaki bila mhudumu. Mwenye ardhi, gari au elimu alifaidika. Mjane mwenye robo ekari karibu na kambi, aliyekwenda kutafuta kuni mbali mara tatu ya zamani, alipoteza. Kambi ilipofungwa minada ilidorora, na baadhi ya watu waliolalamika kwa sauti kubwa juu ya wakimbizi wakalalamika tena juu ya ukimya.

Mgawanyo huo wa faida na hasara ndio uliouumba mtazamo wa watu, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba uhasama ulitokana na tofauti za asili. Kama ukabila na lugha vingekuwa ndivyo vinavyoamua, Ngara ingekuwa mahali pepesi kuliko pote kwa Mnyarwanda au Mrundi, na Mpanda, kwa Wabende na Wakonongo ambao lugha zao hazisikilizani na Kirundi, ingekuwa mahali pagumu. Ilikuwa kinyume. Ugomvi mkali ulitokea walikokuwa wakiishi watu wa ukoo mmoja wa lugha, na ujirani ukakua kwa wale waliolazimika kutumia Kiswahili ili waelewane. Na hapo Kiswahili kinastahili kutajwa kwa heshima yake: shule za msingi za makazi zilifundisha kwa Kiswahili na kwa mtaala wa Tanzania, na mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1975 alihesabu, aliimba na kugombana kwa lugha ileile ya mtoto wa Sumbawanga.

Serikali ilijibu hali ya Ngara kwa kufunga. Machi 1995 mpaka wa Burundi ulifungwa. Desemba 1996 serikali, pamoja na UNHCR, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerejea kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walikimbilia ndani zaidi ya Tanzania badala ya kurudi. Askari wakawageuza, na karibu watu laki tano wakavuka Rusumo tena, safari hii kuelekea magharibi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na Sera ya mwaka 2003 zikaliondoa wazo la makazi ya kilimo na kuweka mahali pake kambi, ambako mkimbizi hatakiwi kwenda zaidi ya kilometa nne bila kibali. Msamiati nao ulibadilika. Aliyekuwa mgeni, kisha mkimbizi, akaanza kuitwa mhamiaji haramu; na waliokaa miongo mingi bila karatasi wakaitwa walowezi, neno ambalo baba zetu walilitumia kwa Wazungu waliotwaa ardhi. Neno likishabadilika, aliyeguswa nalo huonekana kana kwamba naye amebadilika, ilhali yeye yuko palepale, analima shamba lilelile.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1997. Wanajeshi walipita vijiji vya Kigoma na maeneo mengine ya magharibi wakiwakusanya wageni walioishi nje ya kambi. Walichukuliwa watu waliokaa vijijini tangu miaka ya sabini na hata kabla, wenye nyumba, mazao shambani, na wake au waume Watanzania. Familia zilitenganishwa, na shirika la Human Rights Watch liliyaandika hayo mwaka 1999. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wa Kagera muda wa wiki mbili kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu waliondoka. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 2001, mwandishi wa habari na mwanasheria Jenerali Ulimwengu aliambiwa kwamba si raia, akalazimika kuomba uraia upya. Wakazi wa mikoa ya mpakani walijifunza somo kali: kwamba uraia wao unaweza kuhojiwa siku yoyote, kwa lafudhi au kwa jina la babu. Hapo ndipo pingamizi ya tatu, inayosema kwamba ardhi ndiyo iliyokwisha, inapopungukiwa nguvu. Ni kweli kwamba Watanzania walikuwa milioni 12.3 kwa sensa ya mwaka 1967 na milioni 44.9 kwa sensa ya mwaka 2012; mwenye kutaka kugawa pori leo hawezi kugawa kama Mwalimu alivyogawa. Lakini waliokusanywa mwaka 1997 hawakuwa wakiomba ardhi. Walikwisha kuwa nayo, waliipata kwa mikono ya majirani zao, na majirani hao ndio waliobaki wakiangalia mavuno yakioza shambani.

Katika nchi hiyohiyo, serikali hiyohiyo ilifanya jambo ambalo mataifa machache yamewahi kulifanya. Mwaka 2007 iliwapa Warundi wa mwaka 1972 uchaguzi: kurudi kwao au kuomba uraia wa tajnisi. Kati ya watu karibu 220,000 waliokuwa katika makazi matatu, takriban wanane kati ya kumi walichagua Tanzania, na mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yaliidhinishwa. Wanaotafuta maelezo ya ukarimu hupenda kuishia hapo. Kilichofuata kinafundisha zaidi. Uraia ulikuja na sharti kwamba raia hao wapya, kama walivyoitwa, waondoke Katumba, Mishamo na Ulyankulu na watawanywe katika mikoa mingine, ili wachanganyike na Watanzania, na hati zao zisitolewe mpaka wawe wamehama. Waliobuni mpango walikuwa na hoja: kundi la watu wa asili moja likikaa peke yake halitaungana na taifa. Ndiyo hoja ileile ambayo ningeweza kuijenga mimi kutokana na utafiti wa Malkki. Lakini utafiti ule ulifanywa miaka ya themanini, na maisha hayakumsubiri mtu. Kufikia mwaka 2007 wafanyabiashara wa Mpanda na Tabora walikuwa wakiingia makazini kununua mazao, makanisa yalikuwa yakialikana, na watoto wa Katumba walikuwa wakisoma sekondari na wenyeji. Ndoa zilikuwapo na makaburi yalikuwapo. Kumng'oa mtu aliyezika wazazi wake Mishamo na kumpeleka wilaya asiyoijua, kwa jina la kumuunganisha na taifa, kulikuwa kumrudisha katika siku ya kwanza ya ugeni wake.

Miaka minne ilipita hivyo. Raia wapya hawakuwa wakimbizi tena, wala hawakuwa na hati mkononi. Kwa kuwa makazi yalitarajiwa kufungwa, ujenzi wa madarasa na zahanati ulisimama, na anayepanda muhogo hakujua kama ataung'oa yeye. Viongozi katika baadhi ya mikoa iliyotakiwa kuwapokea walikataa, wakiuliza ardhi na fedha zitatoka wapi. Kukataa huko kumewahi kutajwa kama ushahidi wa chuki dhidi ya Warundi. Nakuona tofauti. Halmashauri iliyoambiwa ipokee maelfu ya watu bila shule, maji wala mashamba ya kuwapa ilikuwa ikiogopa kugeuzwa Ngara. Mwaka 2011 uhamishaji ulisitishwa, na Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kukabidhi hati za uraia kwa watu wakiwa palepale walipo. Makazi yakaanza kuingizwa katika utaratibu wa kawaida wa vijiji, kata na halmashauri, na mwaka uliofuata watu wa Ulyankulu, wa asili ya Burundi na wa asili ya Unyamwezi, wakapanga mstari mmoja kuchagua mbunge wao.

Atakuwapo anayesema kwamba hayo yote yaliwezekana kwa sababu ya muda tu: miaka 42 itamzoesha yeyote kwa yeyote. Ningekubali, kama tusingekuwa na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ya kulinganisha nayo. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ya mashariki mwa Zaire, na tangu mwaka 2015, baada ya machafuko yaliyofuata hatua ya Rais Pierre Nkurunziza ya kugombea muhula wa tatu, ikapokea pia Warundi. Mapema mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa uliolenga kuwaunganisha wakimbizi na jamii zinazowapokea, na kuanzia kipindi hicho masoko ambako wanavijiji wa Kasulu na Kibondo walikutana na watu wa kambini yalifungwa. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978, na miaka saba baadaye watu wake walikuwa wakiilisha mikoa jirani. Nyarugusu, robo karne baada ya kufunguliwa, ilikuwa bado inahesabu gramu za mgawo, na mtoto aliyezaliwa humo mwaka wa kwanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, asiye na ruhusa ya kulima upande wa pili wa mstari wa kilometa nne.